Mzimu Anakunywa Kwanza

Mume wangu Fabiani aliwajua Wayunani waliokufa miaka elfu mbili na zaidi iliyopita, mmoja mmoja, kwa majina na kwa tabia zao. Bi Zuena, jirani yetu tuliyetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, hakumjua. Nalisema hili mapema kwa sababu nina hasira, na mtu anayetaka kusikia habari za miguu ya mwanangu Edna itabidi aisikie na hasira yangu.

Sisi ni watoto wa mkonge. Babu yangu aliletwa Korogwe kukata mkonge, na babu yake Fabiani vilevile, kila mmoja kutoka kwao mbali. Tulikulia kambini, kwenye nyumba za mstari, tukila sembe ya dukani. Muhogo kwetu ulikuwa kitu cha kuchemsha asubuhi na kunywea chai. Fabiani alisoma seminari mpaka mwaka wa pili wa falsafa, kisha akatoka. Sababu ya kutoka kwake ni mimi, na sioni haya kusema. Baadaye parokia ikamfanya katekista, ikatupeleka kwenye kigango kimoja mbele ya Sindeni, huko Handeni, ambako wenyeji wengi ni Wazigua Waislamu na nyumba za Wakristo zilikuwa kumi na nne tu.

Alihamia na nguo chache na madaftari yake mawili ya seminari. Jioni tukishakula alikuwa akimfundisha Edna kwenye mkeka, mtoto wa miaka tisa, kana kwamba naye anasomea upadre. Edna alipenda zaidi habari ya yule mzee wa Athene aliyehukumiwa na watu wa mji wake kwa sababu ya kuuliza maswali.

"Wakamnywesha sumu," Fabiani alimwambia.

"Ikamshika wapi, baba?"

"Miguuni kwanza. Ikawa mizito, ikafa ganzi. Halafu ikapanda."

Edna akaitazama miguu yake mwenyewe, akavichezesha vidole, akacheka. Mimi nilikuwa nasugua sufuria, nikamwambia Fabiani amtafutie mtoto hadithi nyingine, hata ya sungura.

Lakini Fabiani hakuwa akisimulia tu. Alikuwa na jambo lake kubwa. Alisema walimu wa Kanisa la kwanza walipokutana na falsafa ya Wayunani, wapo waliopiga kelele kwamba vya wapagani waachiwe wapagani. Wenye akili hawakufanya hivyo. Walisema Neno la Mungu lilitapanya mbegu zake kila mahali, hata kwa watu wasiolijua jina lake, kwa hiyo mzee wa Athene alipotafuta kweli alikuwa akilitafuta Neno. Basi walikaa na vitabu vya Wayunani, wakatoa miungu yao na ngano zao, wakabaki na kiini, na kiini hicho wakakitumia kuieleza imani. "Kweli haina kabila," alikuwa akisema, na akitaka kunichekesha aliongeza, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa."

Nilimpenda akisema hivyo. Bado nampenda, ndiyo maana inauma.

Vuli haikuja, na mwaka ule masika ilikuwa manyunyu tu. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Muhogo mtamu uliliwa wote kufikia mwezi wa saba, na uliobaki ardhini ukawa ule mchungu, ambao ngiri wenyewe wanaupitia mbali. Bi Zuena alikuwa na shamba lake zima. Akaja uani kwetu na tenga kichwani, akatua.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu Grasiana. Nimekuletea muhogo, na nitakukatia tuta lako ung'oe mwenyewe. Ila nisikilize. Mtamu ni wa watoto, mchungu ni wa mzimu. Mzimu anakunywa kwanza. Umenye, uloweke, umwache anywe siku tatu. Maji yale umwage mbali, usimpe hata mbuzi. Halafu uanike, utwange. Ukimnyima mzimu maji yake, atakuja kuyanywa miguuni."

"Miguuni mwa nani?"

"Mwa yeyote. Anapenda watoto."

Alisema kama anayenieleza chumvi inawekwa lini. Kisha akamnyooshea kidole kaka yake, Mzee Muhidini, aliyekuwa akipita njiani. Sote tulimzoea. Alitembea kwa fimbo mbili, magoti yakigongana, visigino havigusi ardhi, akichota vumbi kwa vidole. Alikuwa hivyo tangu mwaka wa njaa, alipokuwa na umri wa Edna. Bi Zuena alichukua tenga lake tupu akaenda zake.

Nikaloweka kwenye pipa letu la bluu, siku tatu kamili. Muhogo ukalainika na kunuka kama soksi za mpita njia, nikauanika juu ya bati. Ugali wake ulikuwa mweusi kidogo na mzito, lakini ulishibisha. Tulikula hivyo wiki mbili bila neno.

Fabiani aligundua kwa sababu ya maji. Kisima cha karibu kilikuwa kimekauka, tukawa tunafuata maji kwa baiskeli, madumu manne kwa safari, na jasho lilikuwa lake. Asubuhi moja akanikuta namwaga maji ya pipa kule kwenye minyaa, na Bi Zuena yuko upande wa pili amesimama, anataja majina ya marehemu wake taratibu.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Ningemwambia tu kwamba muhogo mchungu unalowekwa siku tatu, asingesema kitu, nina hakika. Nilimweleza yote, na mzimu wangu ndani.

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisema nyumba ya katekista inawanywesha mizimu huku watu hawana maji ya kunywa. Alisema kila mtu anajua muhogo mchungu hauliwi mbichi, yeye si mjinga, na alishamsikia bwana shamba mmoja akisema kulowekwa na jua vinautosha. "Siku moja ni ya muhogo," akasema. "Hizo mbili ni za mzimu. Hazitafanyika tena kwangu."

"Na Mzee Muhidini?"

"Ile ni polio, Grasiana. Wangapi walipata polio zamani?"

Bi Zuena alikuwa hajaondoka. Akasogea kwenye ua. "Mwalimu," akasema, "mimi ni Mwislamu. Naswali swala tano, mizimu na mimi hatusalimiani. Lakini maneno haya nilipewa na bibi yangu hivihivi, siwezi kuyapunguza."

"Ndiyo maana sisi tunafundisha, bibi," Fabiani akamjibu kwa adabu. "Ili watu wayaache."

"Haya," akasema Bi Zuena. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mtu aliyeweza kutoa kiini ndani ya miungu ya Athene! Alikuwa na kiini mbele ya macho yake, kimefungwa kwenye kanga ya kikongwe, akatupa kanga na kilichofungwa ndani. Lakini nimwambie nani, nami nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi. Nilijiambia mume wangu amesoma, na maji kweli hakuna.

Jumapili iliyofuata akalisema kanisani. Alisema Mkristo asimwachie mzimu maji wakati mtoto wake ana kiu, siku moja inatosha. Watu walifurahi, na kwa nini wasifurahi? Waliambiwa na Mwalimu kwamba kazi ya siku tatu sasa ni ya siku moja. Fausta, mama mmoja mcheshi mwenye watoto watano, alipiga kigelegele pale kwenye benchi, watu wakacheka.

Ndivyo tulivyokula mwezi wa nane, wa tisa, mpaka katikati ya wa kumi. Ugali wa muhogo mchana, ugali wa muhogo jioni, na mlenda. Maharage yalikuwa yameisha, dagaa hatukuwaona. Baada ya kula kichwa kiliniuma, na mara nyingine ardhi ilinizunguka nikashika nguzo. Nilidhani ni njaa. Edna alitapika mara mbili. Nilidhani ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo.

Jambo la kwanza lililonitisha lilikuwa dogo. Edna alikuwa bingwa wa kuruka kamba. Jioni moja nikawaona wenzake wanaruka na yeye ameshika kamba tu, anazungusha.

"Mbona huruki?"

"Miguu imechoka."

"Imechoshwa na nini?"

"Inatetemeka, mama. Ikitulia nitaruka."

Nikamkanda kwa maji ya moto. Kesho yake akaenda shule kama kawaida, na mimi nikamtazama mgongo mpaka alipopinda kona. Nilipogeuka, Mzee Muhidini alikuwa amesimama njiani kwenye fimbo zake. Naye alikuwa akimtazama. Nilimwamkia, akaitikia, lakini macho hayakuniangalia mimi, yaliangalia kule mtoto alikopita. Jioni nikamwambia Fabiani turudishe siku tatu. Nilimwambia nimeota vibaya, kwa kuwa sikuwa na sababu ya kisomi ya kumpa. Akanishika bega, akasema kwa upole kwamba ndoto si hoja.

Alikuwa na shughuli nyingi wiki hizo. Parokia ilimchagua awafundishe makatekista wenzake, semina ya siku moja, na mada ikawa ile yake: jinsi walimu wa kwanza wa Kanisa walivyotumia falsafa ya Wayunani. Alinyoosha shati lake mara mbili. Jumamosi saa nne Padre Deogratius alifika na gari kutoka Korogwe akiwa na makatekista wa huko na mmoja wa Mkumbara, na wa Mkata wakaja kwa pikipiki. Kanisa letu la miti na bati likajaa wanaume wenye kalamu mifukoni.

Edna alikaa benchi la mbele pamoja nami. Alikuwa ameomba kuja. Baba yake alimpa kazi: muhogo mmoja, haujamenywa, aupakate mpaka atakapoitwa.

Fabiani alisema vizuri. Hilo sitamnyima. Aliwaeleza jinsi wale walimu walivyokuwa watu wa miji miwili, waliosoma kwa Wayunani kwanza na kubatizwa baadaye, wakakataa kuitupa elimu yao mlangoni mwa kanisa. Aliwaeleza hatari yake, kwamba wapo waliomeza vyote bila kuchambua, wakaudharau mwili kama baadhi ya Wayunani walivyoudharau, wakasema mwili ni gereza tu. Na walimu wazuri wakawapinga, wakasema hapana, mwili nao umeumbwa na Mungu na utafufuliwa. Padre alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, na katekista wa Mkumbara aliandika mpaka akajaza ukurasa.

"Sasa tuseme kwa lugha ya kwetu," Fabiani akasema, uso unang'aa. "Ukipewa muhogo na mtu usiyesali naye, utautupa? Huutupi. Ganda utatupa, ndani utakula. Edna, mwanangu, njoo nao."

Edna akasimama. Nasema akasimama kwa sababu mikono yake ililisukuma benchi na kichwa kikapanda. Kisha akaenda chini wima, kama gunia lililokatwa kamba, na muhogo ukabiringika mpaka kwenye viatu vya Padre.

Wengine walicheka, wakidhani amejikwaa. Alijaribu tena. Safari hii aliinuka nusu, magoti yakagongana na visigino vikakataa kushuka. Vilining'inia hewani, na vidole vilikuwa vinaikwaruza sakafu.

"Mama," akasema, haogopi bado, anashangaa tu, "miguu imekataa."

Mimi nilishaiona miguu ile. Kijiji kizima kilishaiona, kila siku, ikipita njiani na fimbo mbili. Nilipiga ukelele ambao hata sasa nikiukumbuka koo linaniuma.

Padre alitupakia kwenye gari lake mpaka Korogwe. Njia nzima Fabiani alimpakata Edna na kumsugua miguu, akisema ni polio, halafu anasema hapana, amechanjwa, halafu anasema ni malaria ya kichwa. Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke kijana. Alimpima Edna magoti kwa kinyundo kidogo, miguu ikaruka kama si yake. Hakuuliza habari za homa. Aliuliza tunakula nini.

Nikamwambia.

"Mtamu au mchungu?"

"Mchungu."

"Na mnaloweka siku ngapi?"

Nilimwacha Fabiani ajibu. Nilitaka nilisikie kinywani mwake. Aliitazama miguu ya Edna, akasema, "Moja."

Daktari akaweka kinyundo mezani. Alitueleza pole pole, bila kutugombeza. Muhogo mchungu una sumu, na mwaka wa ukame sumu huzidi. Siku moja majini haiitoi, jua peke yake haliitoi, siku tatu ndizo zinazouchachusha mpaka sumu itoke na maji. Mtu anayekula maharage au samaki mwili wake hujikinga kidogo. Anayekula ugali ule mtupu wiki baada ya wiki, siku moja sumu humshika mishipa ya miguu, na wanaoanza ni watoto na kina mama.

"Itapona?" nikauliza.

"Haitazidi," akasema. "Atatembea kwa fimbo. Lakini ile miguu ya mwanzo, mama, sitakudanganya. Hairudi."

Edna alikuwa akisikiliza. Akamgeukia baba yake.

"Ni kama ya yule mzee wa Athene? Itapanda?"

"Haipandi," Fabiani akasema. "Haipandi, mwanangu." Akatoka nje, nikamsikia akilia ukutani kama mtoto, na sikwenda kumbembeleza. Nilikuwa nimemshika mwanangu.

Iko methali moja kuhusu asiyesikia na guu. Sitaitaja. Tangu tuliporudi kijijini nimeshatajiwa ya kutosha, na wengine wanaitaja wakitabasamu.

Siku tuliyorudi Fabiani hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuena, nami nikamfuata, Edna yuko mgongoni mwangu kama mtoto mchanga, miaka tisa. Bi Zuena alikuwa anapepeta. Alipomwona Edna aliuweka ungo chini.

"Bibi," Fabiani akasema, "mbona hukuniambia ni sumu?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia mzimu."

"Nilikuambia siku tatu, nikakuambia maji yamwagwe, nikakuambia miguu, nikakuambia watoto. Nikubakizie nini? Nilikuambia kwa maneno niliyopewa. Mimi sina mengine." Kisha akampokea Edna kutoka mgongoni kwangu, akamkalisha mapajani mwake, akaanza kumkanda vifundo vya miguu. "Mwalimu," akasema bila kumtazama, "nyumba ngapi zilikusikia?"

Naapa hatukuwa tumelifikiria. Siku zile zote hospitalini hatukufikiria ila mtoto wetu. Fabiani akawa mweupe midomoni. Kumi na tatu, ukiondoa yetu.

Tulianza palepale, saa tisa alasiri, jua kali. Nyumba ya kwanza tulikuta muhogo umeanikwa, umelowekwa siku moja, mweupe na mzuri. Fabiani akawaambia ni sumu. Baba mwenye nyumba akamwangalia kwa heshima, akasema, "Mwalimu, tumekula wiki kumi na zaidi na tuko wazima. Na wewe mwenyewe ulituambia." Nyumba ya pili walisema vivyo hivyo. Sumu wanayoijua wao ni ya panya, unakula leo unakufa leo. Wakatuitikia ndiyo, ndiyo, na tulipofika njiani nikageuka nikaona mama wa nyumba anageuza muhogo wake uleule upate jua upande wa pili.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Fausta. Alikuwa anatwanga, akatupokea kwa vicheko vyake, akatupa pole za Edna. Fabiani alisimama mbele ya kinu. Nilimwona anatafuta maneno, mtu ambaye maneno hayakuwahi kumwishia. Kisha akavua kofia.

"Fausta," akasema, "mtamu ni wa watoto, mchungu ni wa mzimu. Mzimu anakunywa kwanza. Siku tatu. Ukimnyima, atakuja kuyanywa miguuni."

Aliyasema yote, bila kupunguza neno, kwa sauti ileile ya kufundishia. Fausta aliacha kutwanga. Kicheko kilimtoka usoni, kwa kuwa haya aliyajua, aliyanyonya kwa mama yake, na ni huyu huyu aliyemruhusu ayasahau.

"Yesu wangu," akasema. "Kaeni kwanza, kaeni mnieleze vizuri." Akageukia mlango. "Efrazia! Walete wageni viti."

Tukasikia kiti kinavutwa ndani, kinasimama, kinavutwa tena. Kilichukua muda mrefu kuliko inavyopaswa. "Ana uvivu siku hizi huyu," Fausta akatuambia, "hataki hata kucheza." Kisha mtoto akatokea mlangoni, amekishika kiti kwa mikono miwili na kukiegemea, magoti yamekutana.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Visigino vyake havikugusa kizingiti.